JE, KAMARI YATAKASIKA AKIONDOKA MWENYE DUKA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika mitaa ya Kinondoni, Magomeni na Mwananyamala kumezuka hoja katika mabaraza baada ya Alasiri, na hoja hiyo haisemwi na wajinga tu, bali husemwa na watu wenye kuswali na kufunga. Wasema hivi: kamari iliyo haramu ni ile ya kampani, yenye duka na mashine na karatasi ambayo vijana huiita mkeka, kwani kampani ndiyo ipangayo malipo, nayo hujipangia isipate khasara, na huko ndiko kula mali ya watu kwa batili. Lakini watu wawili wakikaa barazani, mmoja akasema Simba itashinda na mwingine akasema Yanga, kila mmoja akatoa shilingi 10,000, na mtu wa tatu aliye mwaminifu akazishika, kisha akampa mshindi na yeye akakata kidogo kwa taabu yake, dhulma iko wapi hapo? Wameridhiana, wamelingana, na hapana aliyemdanganya mwenziwe.

Hoja hii haikuzaliwa Kinondoni. Ulaya imekwisha kuwa biashara kubwa, khasa katika mbio za farasi. Zamani wengi wenye kutaka kuweka dau juu ya farasi walikwenda kwa mwenye duka, wakachukua malipo aliyoyapanga yeye. Katika miaka ya 1860 mtu mmoja wa Paris, jina lake Joseph Oller, alitoa njia ya kuzitia dau za watu wote chungu kimoja, washindi wakagawana baada ya kukatwa fungu la mwenye chungu. Kisha mwaka 2000 likafunguliwa London soko la dau liitwalo Betfair, ambalo ndani yake hakuna mwenye duka wa kupanga malipo. Mtu husema farasi fulani atashinda, na mtu mwingine asiyemjua, pengine yuko mji wa mbali, hujibu kuwa hatashinda. Soko huwakutanisha, huzishika fedha za wote wawili, na mbio zikisha humpa mshindi na kukata katika faida yake kama 2 mpaka 5 katika kila 100. Basi mshika fedha wa Mwananyamala na soko lile la London ni kitu kimoja. Tofauti yao ni ukubwa wa kapu.

Na insafu yataka lisemwe lililo kweli. Soko hili ni rahisi kuliko duka. Mathalan farasi wawili wawe sawa kwa mbio, na watu wawili kila mmoja aweke shilingi 1,000. Mwenye duka amepokea 2,000, naye humlipa mshindi 1,800, akabaki na 200. Katika soko, likikata 5 katika 100 ya faida, mshindi hupata 1,950, na soko hubaki na 50. Mwenye kusema kuwa soko lamdhulumu mtu kuliko duka amesema uwongo, na haramu haihitaji kusaidiwa kwa uwongo.

Lakini swali ni hili: je, sharia iliikataza kamari kwa sababu ya zile 200?

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wameitambulisha kamari kwa alama iliyo wazi, nayo ni kuwa kila mmoja wa wenye kushindana awe baina ya kupata mali ya mwenziwe na kupoteza yake. Katika alama hiyo hakuna duka, wala kampani, wala malipo yaliyopangwa kwa hila. Na itazamwe ile kamari yenyewe iliyoteremshiwa aya. Waarabu wa zama za ujahili hawakuwa na kampani. Walikuwa wakichinja ngamia, wakatia mishale mfukoni, kila mmoja na mshale wake, na aliyetokewa na mshale mbaya akalipa thamani. Tena wafasiri wametaja kuwa wengi katika washindi hawakuwa wakiila ile nyama, bali wakiwapa maskini na kujifakhiri kwa ukarimu wao, na aliyekataa kuingia mchezoni walimwita bakhili. Hapana duka, hapana hila, wote sawa, na maskini wameshiba. Kama kuna kamari iliyostahiki kusamehewa kwa uadilifu wake, ni ile. Na hiyo hiyo Mwenyezi Mungu akaiweka safu moja na ulevi na masanamu katika Suratul Maida, akaita uchafu katika kazi ya shetani, akataja uadui na bughudha inayotiwa baina ya watu, na kuzuiwa kwao na kumkumbuka Mola wao na Swala. Manufaa yake hayakukanushwa, kwani Suratul Baqara imeyataja. Lakini dhambi yake imehukumiwa kuwa kubwa kuliko manufaa yake.

Hapa husimama mtu wa pili barazani, aliyesoma kidogo, akasema: mbona dau katika mbio za farasi limeruhusiwa? Amesema kweli nusu. Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi waliotayarishwa kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, na wasiotayarishwa kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zureq, na khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Na Imamu Muzani ametaja kuwa hakuna aliyemtangulia Imamu Shafi'i kukiandikia kitabu chake mlango huu. Lakini sharti za mlango zimo humo humo. Zawadi itoke kwa mtawala, au kwa mtu mwingine asiyeshindana, au kwa mmoja tu wa wapanda farasi wawili. Mwenziwe akishinda aichukue, na mtoaji akishinda abaki na chake. Wakitoa wote wawili haifai, mpaka aingie kati yao wa tatu aitwaye muhallil, mwenye farasi aliye sawa na farasi wao, asiyetoa kitu, na akiwashinda achukue zote.

Kuna aliyedai kuwa yule mshika fedha ndiye muhallil. Dai hili lachekesha kidogo. Muhallil huingia mbioni na farasi; huyu ameingia na kapu. Muhallil huenda akatoka mikono mitupu. Huyu hatoki ila na ujira, ashinde Simba ashinde Yanga. Na lililo kubwa zaidi, ruhusa yote hii ni ya wapandao farasi, kwa ajili ya kuzoeza watu na wanyama kwa jihadi. Hapana katika kitabu ruhusa ya waliokaa kitako ukutani kuwekeana dau juu ya farasi wa watu. Mbio za Dubai zilizoanzishwa mwaka 1996 zimetolewa zawadi za mamilioni ya dola bila ya watazamaji kuwekewa mahali pa kubeti, na farasi hawakupunguza mbio kwa hilo. Ama Abubakar Siddiq (r.a.) kuwekeana na mshirikina juu ya ushindi wa Warumi, wanavyuoni wetu wameeleza kuwa kulikuwa kabla ya kukatazwa.

Inabaki hoja ya kuridhiana, nayo ndiyo yenye nguvu katika nyoyo za watu. Muuzaji samaki wa Feri na mnunuzi wake wameridhiana: huyu ataka fedha, yule ataka samaki, na wote wawili huondoka na walichokitaka. Pengine mnunuzi akapata khasara Magomeni kwa kuwa jua lilikuwa kali, lakini samaki alikuwapo na kuna aliyemla. Katika dau, ridhaa hiyo iko wapi? Kila mmoja ameridhia kupokea. Hapana hata mmoja aliyeridhia kutoa. Laiti angalijua kuwa ni yeye atakayetoa, asingalikaa barazani. Mkataba huo hauwezi kuwapa wote wawili walichokitaka, hata wakiwa wema kama malaika, kwa sababu alichokitaka kila mmoja kimo mfukoni mwa mwenziwe. Hapo ndipo palipo ubaya wake, na mwenye duka hakuuleta, wala haundoki akiondoka.

Bali akiondoka, yaliyositirika huonekana. Mwenye kushindana na kampani hujipumbaza kuwa anachukua mali ya tajiri asiyemjua. Katika soko kampani haitoi kitu chake: kila shilingi ya mshindi ni shilingi ya mtu kama yeye, aliyeichukua katika karo ya mtoto au kodi ya chumba. Tena soko limeleta jambo ambalo duka halikumpa mtu wa kawaida, nalo ni kuweka dau kuwa farasi fulani atashindwa. Wasimamizi wa mbio za Uingereza wamelazimika kuwakataza wenye farasi na wakufunzi wao kuweka dau juu ya kushindwa kwa farasi wao wenyewe, maana kumshindisha farasi ni kazi ngumu, na kumzuia asishinde ni rahisi.

Sheria ya Serikali ya mwaka 2003 huzipa leseni kampani za michezo ya kubahatisha, na leseni huondoa polisi mlangoni. Hukumu ya mali haigeuki kwayo.

Ama yule mshika fedha, ujira wake haukuthibiti, kwani kuajiriwa kwa jambo la haramu ni mkataba batili. Alichokata kimetoka katika fedha ya aliyeshindwa, basi ni cha aliyeshindwa, na vilevile alichochukua mshindi. Mtu wa Mwananyamala anamjua mwenye mali: ni jirani yake, na Ijumaa husimama safu moja. Fedha yarudishwa kwake mkononi, wala haifai kupelekwa msikitini badala yake, maana mwenyewe yupo. Aliyechuma katika soko la dau yuko katika dhiki kubwa zaidi, kwa kuwa hamjui jina wala mji. Imamu Ghazali amesema, na Imamu Nawawi amelinakili, kuwa mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani wala hatarajiwi kupatikana hutolewa kwa maslaha ya Waislamu au kwa maskini. Naye atoaye anuie kujivua nayo. Na ikiwa imekwisha kuliwa, ni deni shingoni mwake, alipe kadiri awezavyo, hata kwa shilingi 1,000 kila mwezi, na aanze na jirani.

Wallahu aalam.