Nani Anashika Taulo?



Tangu vijana wetu wawili waanze kwenda mazoezi ya ngumi, swali moja limekuwa likitufuata kila baada ya ibada, kwenye chai na hata kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi: je, ni sawa mtoto wa kanisa kupigana ulingoni kwa ajili ya fedha? Baba mmoja alisema ngumi zimewatoa watoto wengi mtaani kuliko mahubiri. Mama mmoja akamjibu kwamba Mungu hakumpa mtoto kichwa ili kiwe cha kupigwa. Tulicheka, lakini wote wawili walikuwa wanasema kweli, na ndiyo maana swali halikuishia pale.

Tumeona vema tulitazame kupitia maisha ya mtu mmoja. Swali la maadili likibaki hewani, kila mtu hushinda ubishi. Likiwekwa juu ya mtu mwenye jina, mwenye mwili na miaka yake, maneno yetu hupungua kidogo na fikra huongezeka.

Mtu huyo ni Ayub Kalule, mzaliwa wa Kampala, mwaka 1954. Wazee wetu waliokulia Uganda wanalikumbuka jina hilo vizuri. Mwanzoni mwa mwaka 1974 alikwenda Christchurch, New Zealand, akarudi na medali ya dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka huohuo, mjini Havana, yakafanyika mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa, na huko pia akachukua dhahabu, katika uzito wa juu zaidi ya ule wa Christchurch. Alikuwa na miaka 20. Nyumbani ilikuwa Uganda ya Idi Amin, ambaye naye aliwahi kuwa bingwa wa ngumi wa nchi hiyo. (Hili tunalitaja kwa ajili ya wale wanaosema ulingo humfundisha kila mtu nidhamu na utu. Inategemea mtu.)

Mwaka 1976 Kalule aliingia kwenye ngumi za kulipwa, na hakuanzia London wala New York. Alianzia Denmark, chini ya promota Mogens Palle, na Copenhagen ikawa ndiyo kambi yake. Hapo ndipo hadithi yake inapotugusa sisi tunaoishi Lozells, maana ni hadithi ya kijana aliyeondoka kwao akiwa na mtaji mmoja tu, mwili wake, akaingia nchi ya baridi yenye lugha ngumu na kuanza kuuza alichokuwa nacho. Mwaka 1978 akapata mkanda wa Jumuiya ya Madola wa uzito wa kati. Tarehe 24 Oktoba 1979, miezi michache tu baada ya Amin kuanguka, alipanda ulingoni mjini Akita, Japani, kupambana na bingwa wa dunia wa WBA, Masashi Kudo, nyumbani kwao Kudo. Wakapigana raundi 15. Kalule, bondia wa mkono wa kushoto asiyechoka kusonga mbele, akashinda kwa pointi na kuwa Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa.

Mkanda huo aliutetea mara nne, na Wadenmark wakajaza kumbi kumshangilia. Tukiuliza alikuwa wa nani, wa Kampala au wa Copenhagen, tutabishana hadi jioni kama tulivyobishana mwaka 2022, michezo ileile ya Jumuiya ya Madola ilipokuja hapa kwetu na uwanja wa Alexander pale Perry Barr ukawaka taa. Watoto walivaa jezi za England, baba zao wakasubiri mabondia wa Tanzania, waliorudi nyumbani na medali mbili za shaba. Sisi tunadhani swali hilo la bendera ni dogo. Nchi zote mbili zilikuwa na furaha ya kushiriki ushindi. Swali kubwa ni nani alishiriki ngumi zilizompata, na jibu lake ni fupi: hakuna. Hizo zilikuwa zake peke yake.

Tarehe 25 Juni 1981, katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Kalule alikutana na Sugar Ray Leonard. Alikuwa ameshinda mapambano 36 na hajapoteza hata moja. Raundi ya 9 Leonard alimwangusha. Kalule aliinuka, akasimama kwa miguu yake, lakini mwamuzi akamtazama na kulisimamisha pambano. Mwaka uliofuata alipoteza tena kwa Davey Moore, kisha kwa Mike McCallum, yote kabla ya raundi za mwisho. Wengi wangesema basi. Yeye akarudi, na mwaka 1985 akawa bingwa wa Ulaya wa uzito wa kati. Mwishoni mwa mwaka huo akautetea mkanda mjini Ancona, Italia, dhidi ya Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekuwa akipigania Italia. Ndugu zetu wa Kongo watafurahi kujua kwamba Kalambay alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1987, lakini siku ile Kalule alimshinda. Fikirini kidogo: mkanda wa Ulaya, ulingo wa Italia, na wanaoupigania ni mtoto wa Kampala na mtoto wa Lubumbashi.

Februari 1986 alikuja huku Uingereza, Sheffield, akasimamishwa na Herol Graham raundi ya 10. Hakupigana tena. Mapambano 50, ushindi 46. Alikuwa na miaka 32.

Sasa tuseme kama wauguzi, maana hapa hatuwezi kuvaa kofia ya ushabiki. Ubongo ni kitu laini kinachoelea kwenye maji ndani ya mfupa mgumu. Ngumi ya pembeni ikipata taya, kichwa huzunguka ghafla na ubongo huchelewa kukifuata, na nyuzi zake nyembamba huvutika na nyingine kukatika. Mtu akizimia ulingoni watu husimama na kupiga makofi. Mtu huyohuyo akiletwa kwetu hospitalini akiwa amezimia dakika moja baada ya kuanguka kwenye ngazi, tutamlaza, tutampima fahamu kila mara, na pengine ataingizwa kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Jeraha ni lilelile. Glovu husaidia zaidi mkono wa anayepiga kuliko kichwa cha anayepigwa. Wala si nokauti peke yake. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliopigwa kwa miaka mingi: mikono inayotetemeka, ulimi mzito, mwendo wa kuyumba, akili inayofifia. Chama cha Madaktari cha Uingereza kwa miaka mingi kimetaka mchezo huu upigwe marufuku.

Hata mshindi hasalimiki. Leonard, yule aliyemwangusha Kalule, alifanyiwa upasuaji wa jicho Mei 1982 kwa sababu retina ilikuwa imebanduka. Na zile raundi 15 alizopigana Kalule kule Akita hazipo tena. Novemba 1982 bondia wa Korea, Duk Koo Kim, alifariki baada ya kupigwa na Ray Mancini mjini Las Vegas katika raundi ya 14. Ndipo wakubwa wa ngumi walipoanza kupunguza raundi kuwa 12. Ilibidi mtu afe ndipo zipungue tatu.

Basi je, tukataze? Jirani za Denmark walikataza. Uswidi ilipiga marufuku ngumi za kulipwa mwaka 1970, na Norway mwaka 1981, mwaka uleule wa Astrodome. Nchi tatu, bahari moja, makanisa yanayofanana, lakini hukumu hazikufanana. Nchi zote mbili baadaye zililegeza sheria. Tunalitaja hili ili asiwepo mtu wa kusimama Jumapili na kusema jambo hili liko wazi. Watu wanyofu wamelitazama wakatofautiana. Hata Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa mpiga ngumi bila kumlaani.

Tumesikia hoja kwamba ngumi ni dhambi kwa sababu zinaumiza mwili. Hoja hiyo tungeikubali haraka zaidi kama sisi wenyewe tusingekuwa tunauza miili. Angalieni safu zetu za viti. Kuna mama anayetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee saa moja na nusu asubuhi, anakuja ibadani, na jioni anaingia zamu nyingine ya ejensi. Kuna kaka wa ghala ambaye mgongo wake una miaka 60 na yeye ana 38. Sisi wauguzi tunajua mgongo wa kuinua wagonjwa ulivyo. Kuna ada Mbeya, kuna nyumba inayojengwa Kitengela, kuna mgonjwa Bukavu. Hatujawahi kumwita mama huyo mtenda dhambi. Tunamwita shujaa, na pengine hapo ndipo tunapokosea, maana shujaa haruhusiwi kuchoka.

Tofauti ipo, na hatutaki kuificha. Mama wa zamu akiumia, ni ajali ya kazi. Bondia akimwangusha mwenzake, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hili kwetu ni zito, na ndilo linalotufanya tusimtakie kijana wetu ngumi za kulipwa, hata kama anakipaji cha Kalule. Lakini kuna jambo ambalo ulingo unalo na sisi hatuna. Kila bondia anapopanda ana kona yake. Kuna mtu pale chini ambaye kazi yake ni kumtazama, na mkononi ana taulo. Akiona mtu wake hajilindi tena, anairusha, na pambano linakwisha bila kumwuliza bondia anajisikiaje. Ukimwuliza bondia atakwambia yuko sawa. Kalule aliinuka kule Houston. Mwili uliosimama si ushahidi kwamba mtu ni mzima, na mwamuzi alilijua hilo. Kwa hiyo sheria za mchezo huu mkali zimekubali jambo moja la hekima: anayepigwa hawezi kuachiwa peke yake kuamua lini inatosha.

Je, yule mama wa zamu mbili, nani anashika taulo lake? Mwajiri hawezi, ana zamu za kujaza. Ndugu wa nyumbani hawamwoni, wanaona ujumbe wa M-Pesa tu. Mume naye yuko zamu. Tukimwuliza hujambo, anasema sijambo, Mungu ni mwema. Ameinuka, amesimama. Sisi viongozi tunampa na zamu ya kupika chakula cha ushirika.

Tunaamini hapa ndipo lilipo kosa la kimaadili, ulingoni na nje ya ulingo. Kuutumia mwili kwa ajili ya riziki si aibu, na baba zetu walibeba magunia bandarini wakatusomesha. Ubaya unaingia pale watu wote wanaomzunguka mtu wanapokuwa wanafaidika na yeye kuendelea, na hakuna hata mmoja anayefaidika na yeye kusimama. Mtu wa namna hiyo hana kona. Ana watazamaji.

Kwa hiyo kwa wazazi wa vijana wetu wawili, maoni yetu ni haya. Mazoezi yenyewe, kuruka kamba, kupiga gunia, kukimbia asubuhi na mapema, kujifunza kutii kocha, hatuoni ubaya. Mengine yanahitaji maswali, na maswali hayo muulizeni kocha kabla ya kumwuliza mtoto. Wanaanza lini kupigana kichwani? Kijana akipata mtikisiko wa ubongo, anakaa nje kwa muda gani, na nani anayeamua? Maumivu ya kichwa yasiyoisha, kutapika, kusahau, usingizi usio wa kawaida baada ya mazoezi: hayo si ya kungoja Jumatatu, ni ya hospitali usiku huohuo. Na kijana akisema anataka kuacha, asiambiwe ameiaibisha familia. Kocha akikasirishwa na maswali haya, mmeshapata jibu.

Jumapili ijayo baada ya ibada tutakaa na wazazi na vijana wenyewe katika chumba cha nyuma. Vijana waje, tuwasikie wao kwanza. Pia tunawaomba wote wanaofanya zamu za usiku tatu au zaidi kwa wiki watupe majina yao kwa faragha, ili zamu za jikoni za mwezi ujao tuzigawe upya. Wanaume wanaojua kupika pilau waandike majina yao kwenye karatasi iliyoko mlangoni. Mpaka sasa ina majina mawili.