Kutaka Shauri kwa Waliotangulia

Ndugu zetu, na khasa nyinyi vijana mlioko katika vyuo vya Kitui na Makueni, maneno yetu leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati umekwisha kupita. Kijana husoma miaka minne Kwa Vonza, hupata shahada yake, hurejea kwao Mutomo au Mwingi, ndipo aanzapo kuuliza: kazi ya elimu hii iko wapi, na huingiwa kwa mlango gani? Na mtu awezaye kumjibu alitoka chuo kile kile miaka mitatu kabla yake, alikaa katika viti vile vile, na pengine alifunzwa na mwalimu yule yule, lakini hawajuani.

Twaona sababu zake ni mbili. Kijana huona haya, akidhani kuuliza ni kuomba na kuomba ni unyonge. Na mkubwa aliyekwisha pata kazi Nairobi au Mombasa huogopa kupokea simu ya kijana wa kwao, kwa kuwa ajua mwisho wa maneno yatakuwa "nitafutie kazi". Basi mmoja hukimbia na mwingine hujificha, na baina yao elimu yapotea.

Tuanze na haya ya kijana. Nabii Musa (A.S.), naye ni mtume aliyesemezwa na Mola wake, alifunga safari na kijana wake hata mahala pakutanapo bahari mbili, akimtafuta mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye; na alipomkuta alimwomba kwa adabu amfuate apate kujifunza. Hakuona unyonge katika hayo. Na Imamu Abu Hanifa, aliyekufa mwaka 150 wa Hijra (767), alikuwa katika ujana wake mfanya biashara ya hariri katika mji wa Kufa. Imepokewa kwamba al-Shaabi, mwanachuoni mkubwa wa mji ule, alimwona akipita, akamwuliza huhudhuria kwa nani. Akajibu kwamba huenda sokoni. Mzee yule akamwambia kuwa amwona ana akili na wepesi, na yampasa kushika vikao vya wanavyuoni. Neno lile likamwingia moyoni, akaenda akakaa na Hammad bin Abi Sulayman miaka kama 18. Tazameni basi: al-Shaabi hakumpa cheo wala mshahara. Alimtazama, akamjua anafaa kitu gani, akamwelekeza.

Wala si Kufa tu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikitoka Kitui na pembe za ndovu hata Mombasa, na kijana aliyekwenda safari ya kwanza hakutangulia mbele. Alifuata waliokwisha ijua njia, apate kujua maji yapatikana wapi na kambi hupigwa wapi. Katika nchi kavu kama ile, aliyeona haya kuuliza maji angalikufa kwa kiu.

Lakini hapana budi tubainishe, kwani wengi huchanganya. Kutaka shauri si kutaka upendeleo. Kumwambia mkubwa wako, "Niingize mbele ya wenzangu kwa kuwa sisi ni wa kijiji kimoja," huko ni kumtaka afanye khiyana, kwani kazi ya umma ni haki ya watu wote, na anayeigawa kwa ujamaa amedhulumu aliyestahiki. Mkubwa akikataa hilo, msimwite mwenye kiburi. Amekusitiri wewe na yeye. Bali kumwuliza, "Wewe uliingiaje, ulijifunza nini ambacho chuo hakikukufunza, nami nijitayarishe namna gani?" hayo ni maswali ya halali, wala hayampunguzii mtu haki yake.

Sasa kijana atawapata wapi watu hawa? Makerere ilianza mwaka 1922, na baadhi ya waliosoma huko zamani walikuja kuwa mawaziri na marais. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya hakina umri huo. Kilikuwa chuo cha kilimo cha Ukambani, UKAI, kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, kikapewa hati yake ya kujitegemea mwaka 2013. Kwa hivyo waliotoka humo wangali vijana. Msiwatafute wakurugenzi, mtafuteni aliyewatangulia miaka miwili au mitatu, ambaye bado akumbuka jinsi alivyohangaika. Mwalimu wa idara yako awajua baadhi yao na kazi wafanyazo, mwendee umwulize. Wengine huwatafuta katika mtandao wa LinkedIn, nalo si baya, ila sharti barua iwe fupi, yenye salamu, jina lako, somo lako, na swali moja au mawili. Na ile miezi ya kujifunza kazini msiifanye ya kutia muhuri kitabu tu; mle ofisini yumkini yumo aliyesoma chuoni kwenu.

Swali nalo liwe swali. Anayesoma kilimo asiseme, "Nipe mawaidha ya maisha." Na amwulize afisa wa kilimo aliye Wote: wakulima wa maembe hukusumbua kwa jambo gani zaidi, ni nzi wa matunda au ni bei ya soko? Katika uliyoyasoma, lipi walitumia kila siku? Kwa majibu mawili ya namna hiyo atajua kitabu gani akisome usiku wa leo.

Nanyi mliomaliza, tuna neno kwenu. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, hudai fedha zake kwa waliokopa ili wapewe wanaosoma sasa. (Suala la riba katika mikopo hiyo lina mahala pake, wala silo tulikusudialo leo.) Fedha zadaiwa, lakini ile njia mliyoijua kwa taabu hakuna anayewadai hapa duniani. Katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), anayetakwa shauri amewekewa amana. Huko Ukambani watu hukusanyika kwa mwethya, wakachimba matuta ya shamba la huyu, kesho la yule. Je, aliyechimbiwa shamba lake akaondoka na jembe lake, wamwitaje?

Hatuwatakieni mzigo mkubwa. Nusu saa kwa mwezi yatosha, na kijana mmoja yatosha. Mwambieni kweli, hata ikiwa kazi yenyewe mishahara huchelewa na nafasi ni chache, kwani kumficha hilo ni kumghuri.

Na mabinti wanaosomea uuguzi na ukunga katika vyuo vya KMTC vya Kitui na Makueni wasisahauliwe. Wanawake waliowatangulia katika wadi za hospitali ni wengi, na kwao wataambiwa ya zamu za usiku, na ya namna ya kuchanganya kazi na nyumba, ambayo mwanamume hayajui. Anayekosa mwanamke wa kumwuliza, na aende pamoja na mwenzake, mchana, ofisini, mlango ukiwa wazi. Na mkubwa anayemwita kijana mahala pengine pasipokuwa hapo, shauri lake liachwe.