Haijulikani: Neno Moja, Maana Mbili

Kitenzi "julikana" kina maana mbili, nasi walimu aghalabu huzifundisha bila kuzitenga. Tusemapo "jambo hili halijulikani", twaweza kukusudia kwamba hadi sasa hakuna aliyelijua. Twaweza pia kukusudia kwamba halina njia ya kujulikana abadani. Tofauti hiyo si ya sarufi peke yake, bali ni ya uaminifu pia. Maana ya kwanza humwachia mwanafunzi mlango wazi. Ya pili huufunga. Je, ni nani mwenye haki ya kuufunga? Na tulipime swali hili kwa mfano wa elimu ya atomu.

Mwaka 1925 mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg aliandika kwamba ilifaa kuacha tumaini la kuyaona mambo ambayo hadi wakati ule hayakuonekana, kama vile mahali elektroni ilipo katika atomu na muda wa mzunguko wake. Hakusema hayo kwa uvivu, kwani juu ya msingi huo alijenga elimu mpya. Hata hivyo, kauli ya namna hiyo ikikaririwa darasani pasipo maelezo, hugeuka kuwa kufuli.

Kwa hesabu ya Niels Bohr ya mwaka 1913, elektroni ya haidrojeni hukizunguka kiini kwa atosekunde 150 hivi. Tuigawe sekunde moja katika sehemu bilioni moja, kisha kila sehemu tuigawe tena vivyo hivyo: hapo ndipo tutakapoipata atosekunde. Mbele ya kipimo hicho, kufumba na kufumbua ni umri mrefu. Lakini nguvu ya leza yaweza kuivuta elektroni nje ya atomu, na wimbi la nuru lirudipo nyuma huirejesha kwa kishindo, nayo ikatoa mmweko mfupi mno. Mwaka 2001 Pierre Agostini alipima mfululizo wa mimweko ya atosekunde 250, na Ferenc Krausz akatenga mmweko mmoja wa atosekunde 650. Kufikia mwaka 2003 watafiti waliweza kulitengeneza umbo la wimbi lenyewe, wakaiongoza elektroni itoke na kurudi kwa wakati waliotaka. Mwaka 2010 ilionekana kwamba elektroni za neoni zilizopigwa na mmweko mmoja hazikutoka pamoja: baadhi zilichelewa kwa atosekunde 20 hivi. Kumbe tulipokuwa tukisema "papo hapo", tulikuwa tumekosa kipimo tu. Mwaka 2023 Agostini na Krausz, pamoja na Anne L'Huillier aliyeianza kazi hii mwaka 1987, walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Basi, je, Heisenberg alikosea? Tusiharakishe kuhukumu. Mlango uliofunguka ni wa wakati. Njia ya elektroni, mfano wa njia ya ng'ombe iendayo mtoni, haikuonekana, wala elimu ya leo haisemi kwamba ipo. Aidha, kila mmweko unapofupishwa, nishati zake hutawanyika. Apataye uhakika wa wakati hupoteza uhakika wa nishati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata aiongozaye elektroni hajaiona ikipita. Kauli ile moja, kwa hiyo, ilibeba "bado" na "kamwe" kwa pamoja, na ilichukua miaka mingi ya kazi kuzitenganisha.

Lugha yetu imekwisha kutupa zana za kuzitenganisha. "Haijajulikana" ni ungamo. Hudai unyofu tu. "Haiwezi kujulikana" ni dai, hudai hoja. Mwalimu atamkaye la pili pasipo hoja humdhulumu mwanafunzi, maana humnyima swali ambalo huenda angelitumikia maisha yake yote. Naye asemaye "haijajulikana" pale ambapo mpaka umethibitishwa, humtuma kutafuta kisichokuwapo. Ndugu walimu, kabla ya kulijibu swali la mtoto kwa "haijulikani", yatupasa kwanza tujue ni ipi kati ya hizo mbili tunayoisema.