Hodi Pasipo na Mlango

Adabu ya mgeni, kwa Waswahili, huanzia mlangoni. Mgeni hapiti kizingiti kwa sababu tu mlango u wazi. Hupiga hodi, akangoja, akapiga tena, na hodi ya tatu isipojibiwa hurejea alikotoka bila ya kinyongo. Desturi hii ni ndogo kwa umbo, lakini imebeba jambo kubwa. Hodi si salamu, ni swali. Na swali ambalo muulizaji wake hayuko tayari kujibiwa “hapana” si swali tena, ni amri iliyovishwa kanzu ya heshima.

Watu wa pwani na visiwani hawahitaji kufundishwa maumivu ya mgeni asiyebisha. Tangu Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hata kabla ya hapo, wenyeji wake wamewaona wapitao vichochoroni wakiwa nusu uchi saa za sala, na wenye kuwalenga kwa kamera wazee waliokaa barazani wakicheza bao, kana kwamba wazee hao ni sehemu ya nakshi za mlango. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mizani iliyo sawa humpima na aliyeishika. Mtu wa pwani naye husafiri, na akishavuka mrima kwenda bara huwa mgeni miongoni mwa watu. Je, huichukua hodi yake safarini, au huiacha nyumbani pamoja na mlango?

Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili, kwa kuwa nyayo za watu wa pwani zimo humo tangu zamani. Misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe, ilipita katika nchi ambayo leo ni Manyoni na Itigi. Baada ya Ugogo ilikabiliwa na pori kame la vichaka vilivyosongamana, ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, na wafanyabiashara wa Zanzibar walilijua kabla yao. Ukali wake ulikuwa kiu.

Kwa sababu hiyo palikuwa na hongo. Watemi wa Ugogo walidai nguo, shanga na nyaya za shaba kabla ya msafara kuruhusiwa kupita na kuteka maji. Wasafiri wa Kizungu waliandika juu ya madai hayo kwa hasira, wakiyaona kuwa ni unyang’anyi. Hapana shaka wako watemi waliozidisha. Lakini katika nchi ambayo mvua ni chache, msafara wa mamia ya watu waweza kukikausha kwa siku moja kisima kinachotegemewa na kijiji kizima. Hongo ilimlazimisha mpitaji akiri jambo ambalo pengine asingelikiri kwa hiari yake: kwamba nchi ina wenyewe, na kwamba hata maji ya pori yana mtu wa kuombwa.

Neno hilo limeanguka. Hongo ya leo ni rushwa, yaani mali inayotolewa ili mwenye kusema “hapana” anyamaze. Ya kwanza ilikuwa ni kubisha hodi. Ya pili ni kununua mlango. Fedha za msafiri wa leo zimesimama baina ya maana hizi mbili, na adabu yake yote hutegemea ni ipi aliyokusudia alipotia mkono mfukoni.

Kaskazini mwa mkoa huo huo, katika wilaya ya Mkalama, kijiji cha Munguli ni miongoni mwa makazi ya Wahadzabe. Hao ni watu wachache, wanaokadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 1,500, walioenea kandokando ya Ziwa Eyasi katika mikoa kadhaa, na ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa uwindaji, asali, matunda na mizizi. Lugha yao yenye sauti za vidoko haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Watalii huwafuata zaidi upande wa Mangola, wilayani Karatu, lakini swali ni moja pande zote za ziwa. Vibanda vyao vya nyasi, vinavyojengwa na wanawake, havina kizingiti wala komeo. Mgeni hufika alfajiri akitaka kuonyeshwa moto wa kupekecha, upinde na mawindo, na kwa kuwa hakuona mlango, hudhani hakuna pa kupiga hodi.

Mlango upo, ila si wa mbao. Wahadzabe wana ngoma ya epeme, ambayo huchezwa katika usiku usio na mbalamwezi, moto ukiwa umezimwa. Pia ipo nyama iitwayo kwa jina hilo hilo, ambayo ni ya wanaume waliokwisha kuingizwa katika siri yake tu. Giza hilo ndilo ukuta wao. Mgeni atakayeomba ngoma hiyo ichezwe mchana ili picha itoke vizuri atakuwa amevunja nyumba, ijapokuwa hakugusa hata unyasi mmoja.

Wako watakaojibu: wamelipwa, nao wamekubali. Jibu hili si la kupuuzwa, lakini ridhaa hupata uzito wake kwa kuwezekana kwa kukataa. James Woodburn, mwanaanthropolojia aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba watu hawa hawana desturi ya kushindana. Asiyependezwa na jambo huhama kambi. Hama yake ndiyo “hapana” yake. Msafiri anayengoja kukatazwa kwa sauti hatakatazwa kamwe. Na mapori yanapopungua kwa mashamba na mifugo ya majirani, mahali pa kuhamia hupungua, na uwezo wa kukataa hupungua pamoja napo. Karibu ya mtu asiye na pa kwenda haitoshi kumtuliza mgeni muungwana. Watafiti wamekwisha kueleza jinsi fedha za watalii zilivyogeuka pombe katika baadhi ya kambi, na pombe ikaleta ugomvi. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” husema methali. Hapo mwenyeji aliugua.

Lipo kosa la pili, ambalo mtu mwema huliangukia akikimbia la kwanza: kuwaamulia. Anayesema Wahadzabe wasitembelewe kabisa, wasiuze mishale wala asali, amewafungia mlango kwa nje na kutia ufunguo mfukoni mwake. Na mtu wa pwani ana hatari yake mahususi. Lugha yake ilizaa neno “ustaarabu” na ikaliweka “ushenzi” upande wa bara. Akiwatazama wawindaji wa Mkalama kwa neno hilo kichwani, huwa amekwisha kuwatukana kabla hajafungua kinywa.

Mwaka 1999, huko Santiago, Chile, Shirika la Utalii Duniani lilipitisha kanuni za maadili zinazohimiza kuheshimiana baina ya wageni na wenyeji. Kanuni hizo ni njema, lakini hazitembei. Atembeaye ni mtu. Naye aliye na adabu hujulikana kwa mambo madogo. Husalimu kabla ya kutazama, na huomba kabla ya kutoa kamera. Hulipa mbele ya kijiji, kwa kiasi kilichokubaliwa, wala halipi kwa chupa. Akiona nyuso zimegeuka pembeni, hujua kwamba amejibiwa, naye huondoka bila ya kudai fedha zake.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Aliyesafiri siku mbili juu ya barabara ya vumbi na kugharimika huona kwamba anadaiwa kitu. Lakini alicholipia ni njia, na njia haikuwahi kuwa mali moja na nyumba. Kumbukumbu ya msafiri haipungui kwa picha asiyoipiga. Pengine huongezeka, kwa kuwa ataweza kusema, akirejea kwao, kwamba katika nchi ya watu aliiona milango ambayo haikuonekana kwa macho, akaipigia hodi, na mmoja haukufunguliwa.