Nani Anadaiwa Unga?

Aprili 2020, mjane mmoja wa Mombasa aliinjika sufuria ya maji yenye mawe ili wanawe wadhani chakula kinaiva, wapitiwe na usingizi. Riziki yake ilikuwa kufua nguo za watu. Korona ilipoingia, wenye nguo wakaogopa kumwita. Watoto hawakudanganyika. Jirani akatoa habari, kisa kikatangazwa, na Wakenya wakamtumia pesa kwa simu.

Aliyekaa darsani anakijua kisa cha aina hiyo. Usiku mmoja nje ya Madina, Khalifa Umar bin Khattab alimkuta mama na watoto wanaolia, sufuria motoni haina kitu ila maji. Mama, asijue anazungumza na nani, akamlaumu Umar. Khalifa akauliza Umar angejuaje hali yake. Mama akajibu kwamba Umar ameshika mambo yao, kisha amewasahau. Umar akarudi hazina, akajitwika gunia la unga. Mtumishi alipotaka kumpokea alikatazwa: Siku ya Kiyama nani angembebea mzigo huo?

Basi aliyeshiba anapompa mwenye njaa, ametenda hisani au amelipa deni? Surat al-Maarij inasema katika mali ya waumini mna haki maalumu ya aombaye na aliyenyimwa. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alikwenda mbali zaidi: mwenye dhiki kuu akichukua cha mtu ili ajiokoe, si mwizi.

Na zile picha za kutoa msaada! Mtoaji kashika mfuko wa unga upande mmoja, mpokeaji upande wa pili, anatabasamu kwa lazima. Hakuna anayejipiga picha akilipa deni la dukani.

Aprili 10, 2020, siku ya Ijumaa Kuu, wakazi wa Kibera, Nairobi, walikanyagana wakigombea msaada wa chakula. Polisi wakarusha vitoa machozi, watu wakajeruhiwa. Madukani unga ulikuwepo. Kilichokatika ni kibarua, na kafyu ya saa moja jioni ikawafungia biashara wauzao usiku. Mwanauchumi Amartya Sen alikwisha kuonyesha mwaka 1981 kwamba watu hufa njaa chakula kikiwepo, kwa kukosa njia ya kukipata.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Katiba hiyo ilizinduliwa Agosti 27, 2010. Waliokula kiapo kuilinda walikuwa na miaka karibu kumi ya kujiandaa, lakini aliyemfikia mjane yule kwanza ni jirani.