KIRAKA NA MWENYE NGUO

Mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, ana mwanawe afanyaye kazi ya ufundi wa simu huko Mkuu, mji mkuu wa wilaya ya Rombo, katika mteremko wa mashariki wa mlima Kilimanjaro. Kijana huyu, kama vijana wengi wa pwani waliopanda bara kutafuta riziki, humkumbuka mamake kila mwezi kwa chochote alichojaaliwa. Miezi michache iliyopita zile pesa zikazidi. Mama, badala ya kufurahi, akauliza zimetoka wapi. Na alipoelezwa akazitoa zote, akazitia katika kopo la biskuti, akaliweka juu ya kabati. Kisha akaja kutuuliza: "Pesa hizi nizile au nisizile?"

Suali lake limetushughulisha sana, kwani jambo lenyewe ni geni kwa wazee wengi, walakini limo majumbani mwetu na mikononi mwa watoto wetu.

Wasomaji wetu wataikumbuka michezo ya televisheni ya namna ya zamani. Kijimtu hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, huruka mashimo, hukwepa maadui, na nchi humpita nyuma yake kama inavyompita mtu aliyeketi dirishani mwa basi. (Sisi tuliofunzwa kusoma kuanzia mkono wa kuume twaona kijimtu huyo anakwenda kinyume, lakini hilo si kosa lake.) Mashuhuri katika michezo hiyo ni Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, na nduguye Super Mario World wa mwaka 1990. Kampuni ya Sega nayo ikaleta Sonic mwaka 1991. Kwetu Afrika watoto wengi waliijua michezo hii kwa mashine za kuiga na kaseti zake, zilizoandikwa kwa nje kuwa ndani mna michezo elfu na zaidi. Ukizifungua, wakuta michezo michache tu iliyorudiwarudiwa kwa majina mbalimbali. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini mna umajimaji ilhali juu ni kukavu, akamkemea muuzaji kwa kuuficha usionekane na watu. Zile kaseti zilikuwa nafaka ya namna hiyo hiyo, na sisi tulizinunua.

Basi huko duniani wakatokea watu waliopenda michezo hii hata wasitosheke kuicheza, wakataka kuibadili. Mwaka 2000 mmoja wao ajiitaye FuSoYa alitoa programu iitwayo Lunar Magic, ambayo kwayo mtu asiyekuwa mwanachuoni wa kompyuta aweza kuufungua mchezo wa Super Mario World, akaondoa milima akaweka mito, akaondoa njia akachimba mashimo. Yako mageuzi ya kila namna. Mjapani mmoja, Takemoto, yapata mwaka 2007 aliutengeneza mchezo huo ukawa mgumu kupita kiasi, apate kumtaabisha rafiki yake, kisha akawaonyesha watu jinsi rafiki huyo alivyohangaika. Mzaha huo wa marafiki wawili umekuwa mfano wa maelfu, na hata leo mchezo uliofanywa mgumu namna ile huitwa kwa neno la Kijapani, *kaizo*, maana yake kugeuza.

Kijana wetu wa Mkuu naye aligeuza. Jioni, akisha kufunga duka, hukaa na kompyuta yake. Katika mchezo wake yule kijimtu hakimbii tena katika nchi ya kigeni: hukimbia katika migomba, hupita matope ya masika, na kila hatua ni kituo cha barabara ya kwetu, Himo, Marangu, Mwika, Mkuu, mpaka Tarakea. Mlima uonekanao nyuma si Kibo cha picha za kalenda, ni Mawenzi, kama kionekanavyo kutoka Rombo ukungu ukifunguka. Tumeonyeshwa mchezo huo, na twasema bila kuficha kuwa ni kazi nzuri. Kuna mahali mvua inanyesha na kijimtu anateleza, ukacheka mwenyewe.

Watoto wa shule wakaupenda, na wakubwa wao pia. Kijana akaanza kuwatilia katika simu zao na kompyuta zao kwa shilingi 3,000. Na katika ukurasa wa kwanza, pale palipokuwa na majina ya wenye mchezo, akayafuta akaandika jina lake.

Haya ni mambo matatu, na watu huyachanganya. Kuna kugeuza, kuna kuuza, na kuna kufuta jina.

Tuanze na kugeuza. Wako wanaosema kuwa kuigusa kazi ya mwenzio ni wizi tangu mwanzo. Sisi watu wa pwani hatuwezi kusema hivyo kwa pupa, maana tuna takhmisi. Mshairi huchukua beti za mwenzake zenye mishororo miwili miwili, akaongeza mitatu yake, ikawa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule mwenye Al-Inkishafi, aliyafanyia hayo mashairi ya Fumo Liyongo, na hakuna aliyemwita mwizi. Walimshukuru, kwani kwa kazi yake maneno ya Liyongo yalizidi kuhifadhika. Lakini tazama adabu iliyomo. Mishororo ya mwenyewe haiguswi, hubaki vile vile. Mgeni huja kwa vina vya mwenyeji, na jina la mwenyeji limo katika jina la utungo: Takhmisi ya Liyongo. Mtu hasemi, "Nimetunga mitano."

Wageuzaji wa michezo nao, ajabu ni kuwa, wana adabu iliyo karibu na hiyo. Hawapeani mchezo mzima. Hupeana faili dogo ambalo ndani yake mna yale mageuzi peke yake. Faili husema: mahali fulani ondoa hiki, weka hiki. Wanaliita kiraka. Na kiraka, kama ujuavyo, hakivaliki bila nguo. Aliye na mchezo wake wa halali ndiye awezaye kukishona juu yake. Makundi makubwa ya wapenzi wa Super Mario World yamelifanya hili kuwa sharti: kiraka chapokewa, mchezo mzima haupokewi. Kijana wa Mkuu aliyajua hayo, kwani ndiko alikojifunza. Lakini watoto wa Rombo hawana nguo. Basi akawauzia nguo na kiraka pamoja.

Hapa ndipo penye kuuza. Mwezi wa Desemba 1988 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Kuwait, likakata shauri kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, sharia yazilinda na haifai kuzivamia. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo yazilinda programu za kompyuta. Tumewasikia wanaojibu kuwa kampuni ile ni tajiri na iko mbali, nayo haijui hata kama kuna mahali paitwapo Mkuu. Jawabu hilo tumelisikia pia kwa mtu aliyechukua nazi katika shamba la tajiri. Wengine husema ni mchezo wa zamani, umetupwa, hukumu yake ni ya kiokotwa. Sivyo. Kiokotwa ni mali isiyojulikana mwenyewe, na huyu yuko Kyoto ana ofisi. Na mchezo wa 1990 amewafungulia wateja wake wanaolipa ada tangu mwaka 2019. Hakuutupa.

Hata hivyo, sisi wazee tusijifanye watakatifu. Nani kati yetu hakunakili kaseti ya taarabu kwa rafiki, akaipa rafiki mwingine, wala asimfikirie mpigaji udi aliyekaa usiku kucha studioni? Hata kaseti za mawaidha tulizinakili. Hizi angalau masheikh wengi walizitoa kwa thawabu, lakini hatukuwauliza.

Na haki ya mtunzi si fedha tu. Mwezi wa Oktoba 2008 kampuni ya Sony ilikuwa tayari kuuza LittleBigPlanet, mchezo wa namna hii hii ya kukimbia ubavuni, ambao wachezaji huruhusiwa kujijengea hatua zao. Ikagunduliwa kuwa ndani yake mna wimbo wa Toumani Diabaté wa Mali wenye maneno ya Qur'ani Tukufu. Waislamu wakalalamika, na Sony ikazirudisha diski kutoka madukani duniani kote, ikachelewesha mauzo mpaka wimbo utolewe maneno. Mwanamuziki mwenyewe alikuwa Mwislamu na hakukusudia dharau. Lakini sisi tuliudhika kuona kitu chetu kimetiwa mahali ambapo hatukuridhia, na tukaona ni haki yetu tusikilizwe. Basi na mwingine akisema, "Kitu changu kimetiwa mahali nisipoparidhia," tutamwambia nini? Tumefunzwa kuwa imani ya mtu haitimii mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea nafsi yake.

Ridhaa, kwa kweli, ndiyo iliyowatenga wageuzaji mashuhuri. Milton Guasti wa Argentina alikaa yapata miaka kumi akiujenga upya mchezo wa Metroid wa pili, bila kuuza. Akautoa bure mwezi wa Agosti 2016; haukumaliza siku nyingi Nintendo ikataka uondolewe. Sisi twamhurumia: miaka kumi si michache. Lakini Christian Whitehead wa Australia, aliyeanza kama yeye kwa kuuchezeachezea mchezo wa Sonic, aliwaendea Sega wenyewe, na mwaka 2017 Sega ikatoa Sonic Mania uliofanywa na yeye na wenzake. Wa tatu alitafuta njia nyingine kabisa. DiDuro alikuwa akitengeneza mchezo juu ya Sonic, kisha akaona afadhali amvue Sonic nguo zake amrudishie. Akabuni watu wake na nchi yake, na mwaka 2014 ukatoka mchezo wake mwenyewe, Freedom Planet, akauuza kwa jina lake bila kuinamisha macho. Huyu wa tatu ndiye tunayemwona karibu zaidi na kijana wa Mkuu. Migomba ni yake, na Mawenzi nacho amekichora kwa mkono wake. Kilichobaki ni kijimtu na ile nchi inayomwendesha.

Ama kufuta jina, hilo halina mjadala, nalo kwetu ni baya kuliko kuuza. Anayeuza mali ya mtu amechukua mali. Anayefuta jina ameongeza na uwongo. Huko upande wa Marangu na Kilema Wachagga wana mifongo, mifereji ya kuteremsha maji ya mlimani mpaka vihambani. Ukoo uliouchimba mfongo huheshimiwa kwa mfongo huo vizazi baada ya vizazi. Wengine huteka maji, hutoa vijia vyao, hufanya kazi ya kusafisha, lakini hapatokei mtu kusema mfongo ni wa babu yake madhali sivyo. Kijana anayekaa kwenye mlima ule alikuwa na walimu karibu.

Tulimweleza mama haya naye akampigia simu mwanawe tukisikia. Kijana hakubisha. Akasema, "Mama, jina nitalirudisha leo leo. Na kuanzia sasa nitawapa kiraka peke yake, bure. Nguo kila mtu atajitafutia."

Mama akamwuliza, "Na wewe hapo Mkuu wajua wataitafuta wapi?"

Kijana akanyamaza, na sisi pia tukanyamaza, kwani hilo hatukulifikiri. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema juu ya mwenye kuuza zabibu: akijua kuwa mnunuzi atazifanya ulevi, ni haramu kumwuzia, akishuku tu, ni makuruhu. Na kijana huyu ajua au ashuku? Ukitoa kiraka kwa watu wa ulimwengu mzima, wamo wenye nguo na wasiokuwa nazo, na wewe huwajui. Lakini ukimpa mtoto wa jirani ambaye wajua kwa yakini kuwa hana, na ya kuwa atakwenda kuichukua bila ruhusa, mkono wako umo. Rai yetu ni kwamba hukumu yategemea nani amesimama mbele yako dukani. Masheikh wakiona kinyume, watusahihishe.

Zikabaki pesa za kopo. Kwa kazi ya kutia kitu chochote katika simu, kijana hutoza shilingi 1,000. Ndiyo desturi ya duka lake. Ujira huo ni wa mkono wake, lakini hapa mkono ulikuwa ukitia kisichokuwa halali kuuzwa, kwa hiyo hata nao hatukuthubutu kumhalalishia mama kwa nguvu. Zile 2,000 zilizosalia hazina shaka: ni thamani ya nguo ya watu. Tukamwambia kwamba mali ya mtu, mwenyewe akijulikana, haitolewi sadaka. Hurudishiwa mwenyewe au huombwa radhi.

Mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Nilipeleke kopo la biskuti Kyoto?"

Kijana ameandika barua kwa Kiingereza. Ameeleza alichokifanya, ameuza mara ngapi, na ameomba radhi pamoja na idhini. Hatutarajii jibu upesi. Katika kompyuta yake ameanza kumchora kijimtu mwingine, mtoto wa kike mwenye mtungi kichwani, na ametuambia kuwa kazi ngumu ni kumfanya aruke mtungi usianguke. Kopo bado liko juu ya kabati, na mama hulipangusa vumbi kila Ijumaa.