Mkono Mtupu Haulambwi? Juu ya Zawadi Ndogo kwa Watu wa Ziwani na wa Porini

Swali hili limerudi mara nyingi katika mazungumzo yetu ya jioni, na mara nyingi tumeachana bila kusikilizana. Mtu mwenye mfuko mdogo ampelekee zawadi gani baba mdogo anayevua ndakala usiku, mama mkubwa anayelala shambani kulinda mpunga, au mzee ambaye tangu utoto hajapenda kitu kuliko kutembea porini? Watu wa namna hiyo ni wengi kwetu Fizi. Kwao nyumba ni mahali pa kulala. Moyo uko nje. Umweke mmoja wao sebuleni kwako Bukavu siku tatu, siku ya nne atakuuliza: "Gari ya Baraka inaondoka saa ngapi?"

Swali linaweza kuonekana dogo, lisilostahili kurasa za kitabu hiki. Lakini sote tunajua vijana waliokaa miaka mitano au sita bila kukanyaga nyumbani, si kwa sababu ya vita wala ya barabara, bali kwa sababu ya aibu. Ukiwauliza wanajibu: "Nitafika na nini mkononi?" Wanangoja kwanza wapate. Wakiwa bado wanangoja, mzee anazikwa. Kisha pesa ambayo haikupatikana kwa zawadi inapatikana kwa matanga. Kwa hiyo tunauliza: je, mtu asiye na pesa anaweza kutoa kidogo, na kidogo hicho kikahesabiwa kuwa zawadi kamili?

Methali zetu hazikati kesi hii. Moja inasema kutoa ni moyo, si utajiri. Nyingine inajibu: mkono mtupu haulambwi. Wazee walitumia zote mbili bila kuona tatizo, na sisi tunafikiri hawakujipinga. Ya kwanza inamsemesha anayepokea, ili asidharau. Ya pili inamsemesha anayetoa, ili asijifiche nyuma ya moyo mzuri. Tatizo letu la leo ni kwamba tumezigeuza: anayetoa anajitetea kwa ile ya kwanza, na anayepokea anadai kwa ile ya pili.

Mmoja wetu alisimulia mambo ya jamaa yake, mvuvi wa upande wa Ubwari. Mpwa wake alifika kutoka Kinshasa na koti zuri la ngozi, la bei kweli. Kijiji kizima kilikuja kulitazama. Lakini koti la ngozi ziwani ni la kazi gani? Likilowa linakuwa zito, likikauka linakuwa gumu kama ubao. Mvuvi alilifunga ndani ya nailoni, akalitundika, akawa analiazimisha kwa watu wenye harusi. Na yule mpwa, baada ya juma mbili, alikosa nauli ya kurudi. Ikabidi amkope mjomba yuleyule. Mwaka huohuo mkwe wake mmoja, mama anayeuza sokoni Baraka, alimletea kopo dogo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, ndani yake kibiriti na sindano ya kushonea nyavu. Vyote pamoja havikufika bei ya kuku. Miaka ilipita, na mvuvi bado alikuwa akisema: "Huyu mama aliufikiria usiku wangu."

Tulipolisikia neno hilo tuliona kwamba jibu linaanzia hapo. Wavuvi wa ndakala wanajua usiku wao ukoje. Wanaenda na taa, kwa sababu mwanga ndio unaowakusanya samaki. Mbalamwezi ikijaa, taa haina nguvu, nao wanapumzika. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unapiga, na baridi ya majini si baridi ya barazani. Ziwa lenyewe lina kina kinachofika mita 1470. Tochi ikiteleza mkononi, hakuna wa kuifuata. Anayeyajua hayo hatanunua tochi kubwa ya kung'aa dukani. Atanunua ndogo, ya kufunga kichwani, aongeze kamba ya kuifungia, na mawe ya tochi ya akiba. Bei yake ni ndogo, lakini ndani yake kuna ujuzi, na ujuzi huo haukupatikana sokoni. Ulipatikana kwa kumsikiliza mtu na kuushika moyoni usemi wake.

Ndiyo maana tunathubutu kusema kwamba zawadi ina bei mbili. Kuna ile inayolipwa kwa franka au dola, na kuna ile inayolipwa kwa kumwangalia mtu. Maskini hana uwezo wa ya kwanza, lakini hakuna aliye maskini mno asiweze kulipa ya pili. Tena tajiri mara nyingi analipa ya kwanza ili aponyoke ya pili.

Mwaka 1925 mtaalamu Mfaransa Marcel Mauss alitoa maandishi yaliyojulikana sana juu ya zawadi katika jamii nyingi za dunia. Alionyesha kwamba watu wanajiona wana wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Kwetu hilo si jambo geni. Sahani iliyokuja na muhogo hairudi tupu. Aliyesaidia kuvuta mtumbwi nchi kavu haondoki bila kitoweo. Lakini hapo ndipo zawadi ya bei kubwa inapokuwa na meno. Mvuvi aliyepewa koti la ngozi atarudisha nini? Atauza mbuzi? Atakaa kimya huku akijiona mdogo mbele ya mtoto aliyemlea? Zawadi ndogo ina huruma hiyo: inamwachia mwenzako nafasi ya kukujibu. Kopo la kibiriti linajibiwa kwa mukeke wawili, na pande zote mbili zinabaki na heshima yao.

Tunajua kuna pingamizi, nasi tulilisikia kwa mama mmoja mwenye umri, akizungumza bila kuficha: "Mtoto wangu aliniletea jembe. Nilimwambia aksanti, lakini usiku nililia. Iko zawadi, ama iko kazi?" Neno hilo lilitunyamazisha. Ni kweli, vitu tunavyoviita vya kufaa vinaweza kumfunga mtu katika taabu yake. Kumpa jembe mama aliyelima miaka arobaini ni kama kumwambia: endelea. Zawadi inapaswa kumpumzisha mtu, au angalau kumfurahisha, si kumkumbusha mzigo.

Hatukupata jibu jepesi, lakini tulijifunza kutenganisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Kuna anayekaa nje kwa sababu hana njia nyingine, na kuna anayekaa nje kwa sababu ndiko anakopenda. Mara nyingi ni mtu yuleyule mmoja. Mama yule, alipoulizwa vizuri, alisema hachukii shamba. Anapenda asubuhi yake, anapenda kivuli cha mwembe pale anapopumzika saa sita. Basi zawadi yake haikuwa jembe. Ilikuwa ni kitu cha kivuli kile: mkeka mwepesi wa kubeba, au chupa ya kutunza chai ya moto, au kikwembe cha kujitandia. Labda bei ni ileile ya jembe. Tofauti ni kwamba jembe liliiona mikono yake tu, na mkeka umemwona yeye.

Kuna upande mwingine ambao hatuwezi kuuacha. Si kila kitu cha bei nafuu ambacho mtu wa nje atakipokea kwa furaha ni zawadi njema. Chandarua kilichotolewa kwa ajili ya malaria, kikishonwa kuwa wavu, kinakokota hata vitoto vya samaki ambavyo havijajua kuogelea vizuri. Waya wa kutegea ni rahisi sana kununua, lakini mtego hauchagui; leo unashika mnyama wa kuliwa, kesho mguu wa gorila. Milima ya Itombwe imekuwa hifadhi tangu 2006, na Ngandja, katika eneo letu la Fizi, tangu 2016. Ziwani nako samaki wamepungua, hata mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili wapate kuzaana. Anayempenda mvuvi na kumpa kitu cha kumaliza ziwa, amempa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Kumpenda mtu wa nje ni pamoja na kulipenda lile la nje analolipenda.

Na hata pale nje yenyewe ilipotuponyoka, zawadi ndogo iliweza kusema neno. Mwaka 1996 vita ilipotusukuma, wengi wetu tulivuka hadi Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, mbali na ziwa. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi aliyekaa pale kama mtu aliyesahau jina lake. Watu walimletea mahindi, na mahindi yalihitajika. Kijana mmoja jirani alimletea kibumba cha uzi wa nyavu. Watu walicheka: "Atavua nini, vumbi?" Mzee alianza kufunga mafundo, kisha akawafundisha watoto wa mtaa kuyafunga, watoto ambao walikuwa hawajaliona ziwa. Mwezi wa Oktoba 2005 meli zilipoanza kuwarudisha watu Baraka, baadhi ya watoto hao walikuwa wameshakuwa vijana wanaojua kushona wavu. Hatusemi uzi ulishinda mahindi. Tunasema kwamba mzee alihitaji vyote viwili, na kile cha pili kilikuwa cha bei ndogo zaidi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Tangu tuanze kusema kwamba moyo unatosha, wamejitokeza wachoyo wanaojificha humo. Mtu anajenga nyumba ya matofali Uvira, akifika kijijini anasema: "Nimekuja mwenyewe, mimi ndiye zawadi." Huyo mkono wake ni mtupu kweli, wala haulambwi. Udogo wa zawadi unapimwa na uwezo wa aliyeitoa. Kidogo cha asiyenacho ni kingi. Kidogo cha mwenye nacho kinabaki kidogo. Lakini yule ambaye kweli hana kitu, naye asijizuie. Aende. Alale shambani na mama mkubwa usiku mmoja, aamke naye kufukuza ndege alfajiri. Apande mtumbwi na baba mdogo, ashike taa. Akirudi atakuwa amejua kinachokosekana kule, na safari ijayo hata franka chache zitatosha.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tunashauri tujiulize mambo manne kabla ya kwenda sokoni. Je, kitu hiki kinaijua siku ya mtu huyu, au usiku wake? Je, kinaweza kwenda naye, mepesi kubeba, kikivumilia maji na vumbi? Je, kinamwachia nafasi ya kunijibu bila kujiumiza? Je, hakiharibu ziwa wala pori lililomlea? Kitu kikipita hapo, hata kama ni kofia ya sufu ya mtumba, kamba ya mita chache, au kopo la chumvi lisiloingia unyevu, tukipeleke bila kuinamisha uso.

Na ninyi wazazi mnaopokea, tunawaomba neno moja. Mtoto akifika na kifurushi kidogo, msiulize mbele ya watu: "Iko ngapi?" Wala msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyeleta redio. Mfungue kifurushi, mkitumie siku hiyohiyo akiwa bado yupo, akione kikifanya kazi. Tunajua kijana mmoja aliyeacha kuja kwa sababu ya kicheko cha siku moja. Mtumbwi wa baba yake uko bado pale pwani, na anayeuvuta sasa ni watoto wa watu wengine.